Waliokuwa Wafe

Jumatatu hiyo asubuhi, mwanamke ambaye ofisini walimwita Makadirio alikuwa akibishana na namba moja. Namba yenyewe ilihusu vyandarua: kati ya vyote ambavyo shirika lilikuwa limegawa vijijini, ni vingapi watu walikuwa wanalala ndani yake kweli, na vingapi vilikuwa kabatini vikisubiri mgeni, au vimezungushiwa miche ya nyanya, au watoto wamejitanda kuwa shela wakicheza harusi. Ukiiongeza namba hiyo, wafu wanapungua kwenye jedwali. Ukiipunguza, wanaongezeka. Aliiweka, akaitoa, akaenda kuchemsha maji, akarudi akaiweka tena, ndogo kidogo kuliko mwanzo.

Chumba chake kilikuwa cha mwisho kwenye ujia, kina feni inayogeukia upande mmoja tu, na dirisha linalotazama ubavu wa jengo jipya la wodi. Jengo hilo lilikuwa ndani ya ua huohuo wa shirika. Ghorofa ya kwanza ilikuwa imeshafunguliwa. Ya pili ilikuwa inasubiri vioo.

Kazi yake ilikuwa kukadiria. Watu walitoa pesa, mstaafu huyu kidogo, mwenye duka yule zaidi kidogo, tajiri mmoja kwa mkupuo, naye alitakiwa kusema pesa hizo, zikinunua hiki badala ya kile, zingezuia vifo vingapi. Hao waliozuiliwa kufa hakuwahi kuwaona. Hakuna aliyewahi kuwaona. Mtoto ambaye angekufa kwa malaria halafu hakufa hana alama yoyote mwilini. Anaamka asubuhi kama wenzake, analilia maziwa, anayamwaga, anagombezwa. Yeye hajui na mama yake hajui. Ndiyo maana walihitaji mtu wa kukadiria.

Zamani alikuwa mwalimu wa hesabu. Baba yake, fundi cherehani mstaafu aliyekuwa akiishi naye, hakupenda alipoacha ualimu.

"Mwalimu anasalimiwa barabarani," alimwambia wakati huo. "Anapita sokoni, anaitwa. Huko unakokwenda nani atakusalimia?"

Hata hivyo mzee alizoea, na kila jioni alimuuliza swali lilelile akiwa kwenye kiti chake karibu na mlango. "Leo umeokoa wangapi, mwanangu?"

"Nusu, baba."

"Nusu ya juu au ya chini?"

Walicheka wote wawili, lakini utani ule ulimkaa Makadirio tumboni kama chakula kisichoiva. Kwa sababu kwenye jedwali lake ndivyo ilivyokuwa. Mchango wa mstaafu mmoja wa reli uliokoa kitu kama kisigino. Darasa moja la shule lilichangishana likaokoa sikio, pengine na sehemu ya shavu. Alijua kwamba vipande hivyo, ukivijumlisha, vinakuwa watu. Alijua kwa kichwa. Lakini kulikuwa na siku alizotazama jedwali akajiuliza kama huko mwisho wa hesabu kulikuwa na mtu yeyote.

Mwezi huo swali hilo lilikuwa limemnyima hamu ya kula, maana wadhamini walikuwa wakutane mwisho wa mwezi, na Mwenyekiti alikuwa na pendekezo la kuacha vyandarua kabisa ili jengo limalizwe. Mwenyekiti alikuwa mtu mpole, aliyewahi kuwa mkubwa benki. Hakuchukia vyandarua. "Makadirio ni makadirio," alikuwa akisema, akimaanisha namba na wakati mwingine akimaanisha yeye. "Lakini kioo unakigonga hivi, kinalia."

Siku ya Jumatano, saa za chai, simu ya mezani ililia. Alikuwa Dada wa Mapokezi.

"Kuna mama hapa na mtoto. Anasema mtoto wake ameokolewa."

"Na nani?"

"Na sisi, anavyosema."

Makadirio alifunika kikombe chake kwa kisahani, akaenda. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi, mwanamke mfupi mwenye vumbi la mkaa kwenye kucha, maana kazi yake ilikuwa kuuza mkaa. Mtoto, wa kama miaka miwili, alikuwa chini ya benchi akijaribu kuvua kiatu cha mtu mwingine. Kwenye kitabu cha wageni, mahali pa sababu ya kuja, Dada wa Mapokezi alikuwa ameandika: *Hakufa.*

"Huyu alikuwa afe Alhamisi iliyopita," mama alisema, baada ya kusalimiana na kuulizana habari za nyumbani. "Hakufa. Nikaona nije niwaambie."

"Umejuaje?"

"Nimejua tu. Nilikuwa napima mkaa wa mteja. Huyu alikuwa amekaa hapo anakula udongo. Ikanijia kwamba ndiyo saa yenyewe, na kwamba imepita. Mteja wangu naye akasema, mtoto wako alikuwa afe sasa hivi. Nikamwambia, ndiyo, naona."

"Na ukajua ni kwa sababu ya chandarua."

"Na nikajua ni hapa. Kama unavyojua upande wa nyumbani ukiwa njiani."

Makadirio alivuta kiti. Kwa kuwa alikuwa mtu wa kazi yake, aliuliza alichohitaji kuuliza. "Wanalala wote ndani ya chandarua, nyumbani kwako?"

Mama alimtazama Dada wa Mapokezi, kisha dari. "Yeye analala. Dada yake analala."

"Na wewe?"

"Mlituletea viwili. Cha pili nimezungushia vifaranga. Kuna mwewe pale kwetu, hana adabu."

Makadirio alishukuru, na kichwani mwake aliishusha ile namba ya Jumatatu kidogo zaidi. Ndipo mtoto alipotoka chini ya benchi na kiatu mkononi. Mama yake alimwita Bwana Mkubwa, kwa sababu ya tumbo. Makadirio alimtazama kuanzia utosini hadi miguuni. Alikuwa na masikio mawili. Alikuwa na visigino viwili, vichafu vyote. Alimpa Makadirio kile kiatu, akakaa juu ya mguu wake, akatulia.

"Amekupenda," mama alisema. "Au amechoka."

Kesho yake walikuja watatu, na Ijumaa wakaja wengine, akiwemo mzee mmoja mvuvi wa samaki wa bwawani ambaye alisema yeye hakuelewa kwa nini ameokolewa yeye na si mkwewe mwenye nguvu, lakini ameokolewa, basi. Walifika kwa miguu, kwa baiskeli, kwa kupewa lifti na magari ya mchanga. Waliandika majina, wakasalimia, wakanywa maji, wakaondoka. Wengi walikuwa watoto chini ya miaka mitano, kama jedwali lilivyosema wangekuwa. Mhasibu, ambaye chumba chake kilikuwa kinapakana na mapokezi, alilalamika siku mbili kuhusu kelele, siku ya tatu akaleta viti vyake mwenyewe kutoka nyumbani.

Makadirio hakuwa amemweleza baba yake chochote. Alitaka kwanza kuona kama wangeendelea kuja. Lakini mzee alisikia habari kwa kinyozi, na Jumatatu iliyofuata aliteremka kwenye teksi getini, futi yake ya kupimia ikiwa imemning'inia shingoni, maana hakuwahi kuivua tangu alipostaafu.

"Kumbe una wageni, na mimi unaniambia nusu," alisema.

"Nilitaka nikuambie, baba."

"Yuko wapi mmoja?"

Kulikuwa na binti mdogo mapajani mwa bibi yake, ana uzi wa hirizi kiunoni na kamasi puani. Mzee alimwamkia bibi, bibi akaitikia; akaomba amshike mtoto, akapewa. Alimsimamisha juu ya magoti yake. Alihesabu vidole vya mikono bila haraka, kisha vya miguu. Alimgeuza akamtazama mgongo. Mtoto aliishika ile futi akaanza kuitafuna upande wa sentimita.

"Huyu ni wa nani?" mzee aliuliza.

"Wa yule bibi."

"Namaanisha, nani aliyetoa pesa zake?"

Makadirio alikaa karibu naye. "Ni wa watu wengi, baba. Kuna mstaafu wa reli. Kuna darasa moja la watoto wa shule. Kuna mwenye duka la viatu, na nesi mmoja anayetoa kila mwezi, na wengine hawakuandika majina."

"Kila mmoja akatoa kipande."

"Kila mmoja akatoa kipande."

"Na ametoka mzima."

"Ametoka mzima, baba."

Mzee alimrudisha mtoto kwa bibi yake, akamruhusu abaki na futi mpaka watakapoondoka. Alishinda pale siku nzima akisalimiana na watu. Jioni, nyumbani, hakuuliza swali lake. Aliuliza kama kuna chumvi.

Makadirio yake ya mwezi huo yalikuwa kwamba shirika lingeokoa watu kati ya thelathini na sabini. Ulikuwa upana wa aibu, Mwenyekiti aliwahi kusema, kama mtu anayekuambia atafika kati ya asubuhi na jioni. Siku chache kabla ya mkutano, Dada wa Mapokezi alijumlisha kitabu cha wageni akiwa anakula karanga, akapaza sauti kwenye ujia: "Arobaini na mmoja!"

Makadirio alisema asante. Alikwenda msalani, akafunga mlango, akaegemea ukuta wa vigae, akalia mpaka bega lake la kushoto likalowa kwa sababu ndilo alilojifutia. Miaka yote hiyo alikuwa amewazia kwamba siku moja mtu mwenye akili kuliko yeye angefungua mlango amwambie kwamba huko mwisho hakuna mtu. Kumbe walikuwepo. Walikuwa upande wa chini kidogo wa katikati, kwa sababu ya vifaranga. Alinawa uso, akatoka, akamkuta Mhasibu anasubiri zamu.

"Una homa?" Mhasibu aliuliza.

"Nina njaa," alisema, na ilikuwa kweli.

Mkurugenzi, ambaye alimheshimu Mwenyekiti na alimwogopa pia, tangu mapema alikuwa ameona kwamba si haki waje wa vyandarua peke yao. Aliagiza turubai lifungwe mbele ya jengo jipya, na chini yake viti vya kitambaa, na kibao: WALIOOKOLEWA NA WODI. Meza iliwekwa maji ya chupa. Kwa wiki nzima hakuja mtu. Si kwamba wodi ilikuwa mbaya. Watu walitibiwa humo vizuri, na mashuka yalikuwa meupe. Ila wote waliolazwa humo walikuwa watu ambao wangepona hata kwenye wodi ya zamani, ile yenye mlango wa mbao unaokwama, ambayo bado ilikuwa na vitanda vitupu. Makadirio alikuwa ameliandika jambo hilo kwenye ripoti tatu. Sasa liliandikika lenyewe kwa viti vitupu.

Kisha akatokea mmoja. Alikuwa fundi rangi, mwanamume mwembamba mwenye madoa ya dhahabu kwenye nyusi. Alizunguka turubai mara kadhaa kabla ya kukaa, tena kwenye kiti cha pembeni.

"Mimi nilikuwa nife Jumanne," alimwambia Mkurugenzi aliyekimbia kuja kumpokea.

"Moyo? Figo?"

"Ukuta." Alikuna shingo. "Ukuta wa nyumba ninayopanga umeangukia kitanda changu mchana. Saa zile huwa nimelala. Lakini Jumanne mlinirudisha nipake upya jina la Mwenyekiti pale juu ya mlango. Dhahabu ya kwanza mlisema haikuwa dhahabu."

Mkurugenzi alifikiri kidogo. "Kwa hiyo jengo limekuokoa."

"Jina ndilo limeniokoa, mkuu. Lakini sawa."

Walimpiga picha akiwa amesimama na Mwenyekiti, wameshikana mikono. Picha ilitundikwa mapokezi, kubwa. Fundi rangi aliomba radhi kwa Makadirio alipopita kwenye ujia, bila kusema ni kwa ajili ya nini, na Makadirio akamwambia asijali, anafurahi kwamba yu hai, jambo ambalo nalo lilikuwa kweli.

Siku moja kabla ya mkutano alifika mama ambaye hakuwa na mtoto. Alikuwa mrefu, amevaa nguo safi ya kwendea mahali, na mkononi ana kanga iliyokunjwa vizuri ya kubebea. Dada wa Mapokezi alimuuliza kama aliyeokolewa ni yeye mwenyewe.

"Hapana," mama alisema. "Wangu alikufa. Nimekuja kuona."

Kwenye kitabu, Dada wa Mapokezi aliandika: *Kuona.* Kisha akamwita Makadirio.

Walikaa kwenye benchi. Mbele yao watoto wawili waliookolewa walikuwa wakigombania kifuniko cha chupa. Mama yule aliwatazama kwa muda, hakuonyesha uchungu wala furaha, kama mtu anayetazama kitambaa dukani akijua hatanunua.

"Mnatoka wapi?" Makadirio aliuliza.

"Ng'ambo ya mto. Vyandarua viligawiwa upande wa huku. Tukawaona watu wa kugawa wanafika mpaka kivukoni, wakageuza gari. Tukasema labda kesho." Alilaza kanga magotini. "Wangu alikuwa mkubwa kuliko hawa. Alikuwa anajua kuimba."

Makadirio alijua kuhusu gari lililogeuzwa. Ilikuwa imeandikwa kwamba wagawe mpaka ng'ambo, na pesa zilikuwepo, kisha kukaja kikao, na pesa za ng'ambo zikahamishwa. Angeweza kusema kwamba bajeti haikutosha. Ndivyo walivyoambiwa waseme.

"Pesa zenu zilinunua vioo," alisema.

"Vioo vya nini?"

"Vya lile jengo. Mbele, ghorofa ya kwanza."

Mama aliinama kidogo ili alione jengo kupitia mlangoni. "Wakiwa ndani wanaona nini?"

"Barabara."

Mama aliitikia kwa kichwa. Hakupiga kelele, na Makadirio, ambaye alikuwa amejiandaa kwa kelele, hakujua aweke wapi mikono yake. Kisha mmoja wa wale watoto alishindwa ugomvi wa kifuniko, akaangua kilio, akaja kwa mtu aliyekuwa karibu, ambaye alikuwa mama yule. Alimwinua, akamfuta, akamkalisha ubavuni. Alikaa naye mpaka mama mzazi aliporudi kutoka kuchota maji.

"Ni mzito," alisema akimkabidhi.

"Anakula huyu, acha tu," mama mzazi alijibu, akacheka, halafu akatazama ile kanga iliyokunjwa, akaacha kucheka. Alivuta benchi akakaa upande wa pili. Wakakaa hivyo, wanawake watatu, mpaka basi la kivukoni lilipopiga honi.

Mkutano ulikuwa Alhamisi. Ili kufika ukumbini wadhamini walilazimika kupita mapokezi, na siku hiyo mapokezi yalijaa. Walipita wakisema hamjambo, hamjambo. Mdhamini mmoja, daktari mstaafu, alisimama akampapasa mtoto bandama kwa mazoea, akasema yuko vizuri. Mama wa mkaa alikuwa amerudi kuchukua kiatu cha mwanawe mwenyewe kilichosahaulika, na Bwana Mkubwa alimshika Mwenyekiti suruali akagoma kuiachia. Mwenyekiti alisubiri kwa upole mpaka alipobanduliwa.

Ndani, Makadirio alisoma taarifa yake. Alisema alichokadiria na kilichotokea. Alisema kwamba kwa pesa za dirisha moja la mbele la ghorofa ya pili, viti vya kule nje vingeongezeka safu moja kila mwezi. Hakuwa na haja ya kuonyesha michoro. Mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya joto na sauti zao ziliingia.

"Tusidhaniwe vipofu," Mwenyekiti alisema. "Tumewaona. Mmoja amenishika suruali. Nakiri kwamba nilikuwa na mashaka na namba za huyu dada yetu, na sasa sina." Wadhamini waligonga meza kidogo. "Lakini mfadhili mkubwa anapokuja, anataka kuonyeshwa kitu."

"Si hawa hapa, mheshimiwa?" Makadirio alisema.

"Hawa watakwenda nyumbani."

"Ndiyo. Ndiyo maana—"

"Jengo haliendi nyumbani," Mwenyekiti alisema, bila ubaya wowote.

Daktari mstaafu aliuliza ni nini hasa kinapendekezwa. Makadirio aliomba vyandarua visiachwe, na vifike ng'ambo ya mto. Alisema jana tu kulikuwa na mama wa huko pale benchini.

"Naye ameokolewa?" Mwenyekiti aliuliza.

"Hapana. Mwanawe alikufa."

"Maskini. Basi hayumo kwenye taarifa hii." Akafunua ukurasa.

Waliamua haraka, maana chakula kilikuwa kinapoa. Pendekezo la kuacha vyandarua liliondolewa. Kwa hali hii, Mwenyekiti alisema, lingeonekana vibaya. Vyandarua vingebaki kama vilivyokuwa, upande wa huku. Ng'ambo ya mto ingefikiriwa mwaka ujao wa fedha, kama ilivyokuwa imefikiriwa mwaka jana na mwaka juzi. Vioo viendelee. Na kwa kuwa wageni sasa walikuwa wengi na malori ya vioo yangehitaji nafasi, waliookolewa waanze kutumia geti la nyuma.

Makadirio alitoka ukumbini. Kwenye ujia Mhasibu na Dada wa Mapokezi walikuwa wanamsubiri.

"Hawakuviacha," alisema.

Dada wa Mapokezi alimkumbatia, akamwachia maganda ya karanga begani. Mhasibu aliuliza kuhusu ng'ambo. Makadirio akatikisa kichwa. Walisimama kidogo, wakifurahi na wakiona aibu ya kufurahi. Halafu walikwenda kula, na Makadirio alikula sahani yake na nusu ya Mhasibu, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze tumbo lake lilikipokea chakula bila maswali.

Mshahara ulipotoka alitenga sehemu yake kama kawaida, ila safari hii aliielekeza ng'ambo ya mto. Mhasibu akaongeza. Dada wa Mapokezi akaongeza, akisema asitangazwe, kisha akatangaza mwenyewe. Fundi rangi alisikia, akaleta malipo ya ile siku aliyorudishwa kazini, maana alidai yanamwasha mfukoni. Mzee alifungua kopo la vifungo ambalo ndani yake hakukuwa na vifungo. Vyandarua vilivyopatikana vilitosha nyumba chache tu za mwanzo ukishuka kivukoni, na mama yule mrefu ndiye aliyevigawa, mlango kwa mlango. Hakuwa na mtoto wa kumlaza, kwa hiyo chake alikitoa pia. Alimfundisha kila mtu kuchomekea pembe chini ya godoro, na waliozungushia vifaranga aliwafuata akavivua.

Maisha yaliendelea. Geti la nyuma lilipakwa mafuta bawaba. Waliookolewa walikuja, mwezi huu zaidi, mwezi ule pungufu, daima ndani ya upana aliosema, na wafanyakazi wapya walielekezwa walipo kama wanavyoelekezwa choo kilipo. Vioo vilifika kidogo kidogo. Vilikuwa vizuri, mchana viliwaka. Mwaka mpya wa fedha ulianza, na ng'ambo ya mto ikafikiriwa.

Ijumaa moja alasiri alifika geti la nyuma msichana wa kama miaka minne akiwa na mama yake, wote wameloa mpaka magotini. Walitoka ng'ambo, nyumba ya tatu kutoka kivukoni. Alikuwa wa kwanza kutoka upande ule. Dada wa Mapokezi alisimama alipolisikia jina la kijiji, akaenda kumwita Makadirio kwa miguu badala ya simu.

"Alikuwa afe juzi," mama alisema. "Nimekuja kusema, halafu tuwahi, maji yanapanda." Akamsukuma mtoto mbele. "Msalimie shangazi."

Msichana alitazama pembeni.

"Msalimie. Sema shikamoo shangazi."

"Sitaki."

"Huyu ndiye—"

"Mwache," Makadirio alisema. Alikuwa amechuchumaa ili wawe sawa kwa kimo, na sasa hakuwa na la kufanya huko chini, akabaki anatabasamu mbele ya uso uliogeukia ukuta. "Mwache, mama. Hana deni na mimi. Mtarudi lini?"

"Kurudi kufanya nini?" mama alishangaa kidogo. "Ameshapona, hata hakuumwa. Tuna shamba."

"Kweli," Makadirio alisema. "Kweli kabisa."

Aliwasindikiza. Barabarani, lori la vioo lilikuwa linajivuta kuelekea geti la mbele, na dereva aliwaonyesha mkono wasubiri. Wakasubiri, watatu, mpaka lilipomaliza kupita na vumbi lake. Mama alimshika msichana kifundo cha mkono, wakavuka. Upande wa pili msichana alitaka kubebwa. Mama alisema mtu mzima kama wewe habebwi. Msichana alisema yeye si mtu mzima. Mama alisema basi utakuwa, utaona, na wakashika njia ya kivukoni hivyohivyo, wakibishana.